Askari Aliyejigonga Kidole

Habari za kifo chake zilinifikia Mubuku, nikiwa nimesimama katikati ya mpunga wangu, maji ya mfereji yakinipita juu ya vifundo vya miguu. Aliyenipigia simu ni binti wa katekista wetu wa zamani, ambaye sasa naye ni bibi mwenye wajukuu. Hakuzunguka. "Mwalimu, yule mchongaji wetu wa Bwera ametutoka asubuhi hii. Alikunywa uji, akamlaumu mkewe kwamba sukari haitoshi, akajilaza. Basi." Nilitoka majini nikaketi kwenye ukingo wa mfereji, nikajaribu kulia kama inavyompasa mtu aliyefiwa, lakini kilichotoka ni kicheko, tena cha sauti, mpaka jirani yangu wa shamba la pili akaweka jembe chini na kuuliza kama nimeumwa na nyoka. Nikamwambia nimefiwa na rafiki. Alinitazama kwa mashaka makubwa, na tangu hapo sijui anawaambia watu nini juu yangu. Wasomaji wangu wa siku nyingi mtanivumilia basi kama leo maombolezo yatakuwa machache. Mtu ninayeandika juu yake alichonga vita maisha yake yote, na sijawahi kuona mtu akisimama mbele ya kazi yake asicheke mwishowe.

Alivuka mpaka pale Mpondwe katikati ya miaka ya sitini, uasi ulipokuwa ukiunguza upande wa pili. Alikuja na mkewe, mfuko wa patasi, na Kiswahili cha Kikongo, chenye "batu" badala ya watu, "basoda" badala ya askari na "njo" badala ya ndio, ambacho mwanzoni kilitufanya tugeuke kumtazama. Kwa wanakijiji hakuwa mgeni sana, maana sisi Wakonzo wa upande huu wa Uganda na watu wa Beni na Butembo tunasikilizana lugha. Padri akampa kibanda kwenye ardhi ya parokia, naye akaanza kuchonga vinu, viti na milango. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu kijana katika shule iliyopakana na kanisa, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya, na kila kiti changu kilipolegea nilikipeleka kwake. Ukweli ni kwamba viti vyangu vililegea mara nyingi kuliko kawaida, kwa sababu nilipenda kumsikiliza akisema.

Tulipomaliza kujenga kanisa jipya la matofali ya kuchoma, padri alimwomba achonge Njia ya Msalaba, vituo vyote, sanamu za mti wa mvule za kusimama kwenye rafu ukutani. Alikubali kwa sharti moja tu: asiingie mtu kibandani kutazama mpaka amalize. Alifunga mlango, na kwa miezi mingi tulisikia nyundo na patasi tu, na mara kwa mara sauti yake akicheka peke yake.

Sasa lazima niwajulishe mtu wa pili, kwa kuwa bila yeye hadithi hii haina miguu. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa mzee tuliyemwita Sajini. Alitoka kaskazini mwa nchi, akapigana Burma katika jeshi la Mwingereza, na alipostaafu akaoa binti wa Bwera na kupanda kahawa. Lhukonzo, lugha yetu, kilimshinda mpaka kaburini. Sote tulisema naye Kiswahili, na chake kilikuwa cha gwaride, cha kuamrisha hata anapoomba chumvi. Ndiye aliyepata lori la matofali, ndiye aliyesimamia mafundi, na padri mwenyewe alimwogopa kidogo. Kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kifupi, kimekatika kwenye kiungo cha kwanza. Kila mwanafunzi wangu aliijua hadithi ya kidole hicho: risasi ya Mjapani, ng'ambo ya mto, mvua ikinyesha, Sajini hakulia.

Jumapili moja ya Kwaresima, baada ya misa, mchongaji aliondoa vitambaa vilivyofunika sanamu. Watu walinyoosha shingo. Halafu mke wa katekista, mama mnene mwenye heshima zake, akacheka. Aliziba mdomo kwa leso, lakini alikuwa amechelewa, kicheko kikaenda kutoka benchi hadi benchi mpaka watoto wakapanda juu ya viti ili waone.

Kristo alikuwa amechongwa kwa utulivu mkubwa, uso mrefu wenye uchovu, na juu yake hapakuwa na mzaha hata kidogo. Mzaha wote ulikuwa kwa askari. Mlinzi wa Pilato alikuwa anapiga mwayo ambao ungeweza kummeza Pilato mwenyewe. Jemadari alivaa kofia ya chuma kubwa kuliko kichwa, imemfunika macho, naye ananyoosha mkono kuonyesha njia na mkono unaelekea ukutani. Pale Yesu anapoanguka mara ya kwanza, askari anayevuta kamba ameanguka vibaya zaidi, amekaa kitako, miguu juu, na Yesu aliye chini ya msalaba amegeuza uso kumtazama kama mtu anayetaka kuuliza, umeumia? Wale wanaogombania vazi walikuwa wakivutana kwa hasira hata mmoja nguo yake mwenyewe imeteremka na makalio yako nje, hana habari. Na kwenye kituo cha kupigilia misumari, askari mwenye nyundo alikuwa amejigonga kidole gumba. Nyundo iko chini, kidole kiko hewani, mdomo umefunguka kama wa mtoto anayemwita mama yake.

Sajini alisimama mbele ya huyo wa mwisho kwa muda. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama ubao. Alipogeuka, sauti yake ilizima vicheko vyote.

"Hii ni matusi! Askari si mchezo. Mimi nilipigana vita. Watu walikufa pale. Wewe unafanya askari kama mpumbavu mbele ya altare?"

Mchongaji alivua kofia yake. "Sajini, mi pia niliona vita na macho yangu. Bale basoda hapana kuwa bakubwa. Beko batu badogo, benye kuogopa, benye njaa. Nikibachonga bakubwa, nitakuwa nasema uongo mu nyumba ya Mungu."

"Badilisha sura zao. Wote. Kabla ya Ijumaa Kuu."

"Apana, Sajini. Nisamehe."

Kamati ilikaa juma hilo na Sajini akaipeleka alikotaka: ama askari wapewe sura kali, ama sanamu zitolewe, mti wake utumike kutengeneza mabenchi. Kuhusu kibanda hakuna aliyesema neno, lakini sote tulielewa kwamba nacho kingechukuliwa. Mkimbizi aliyegombana na parokia angekwenda wapi? Mkewe alianza kufunga vyombo. Nilikwenda kumshawishi mchongaji akubali, kwa nia njema kabisa. Nilimwambia apunguze kidogo tu, huyu makalio yafunikwe, yule kofia ipande. Ndipo aliponieleza kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu yeyote Bwera.

Kwao, karibu na Beni, wapiganaji walifika mchana. Mkubwa wao alikuwa amejitanda pazia la kanisa mabegani kama joho, mguu mmoja una buti, mwingine una kandambili. Waliwapanga wanakijiji uwanjani wakapiga kelele kwamba risasi haziwezi kuwaingia, kwamba wao ni simba, kwamba dunia nzima inawatetemekea. Katikati ya hotuba hiyo bata mzinga wa misheni akatoka nyuma ya jiko akipiga mabawa. Mkubwa wa simba aliruka, akajinasa katika pazia lake, akaangukia ndani ya beseni la mihogo iliyolowekwa. Na kaka yake mchongaji, yaya yake kama wanavyomwita kaka mkubwa kule kwao, akacheka. Alicheka peke yake. Walimpiga risasi kicheko kikiwa bado mdomoni.

"Batu bengine bote tulinyamaza," aliniambia, akifuta patasi kwa kitambaa. "Mi pia nilinyamaza. Lakini ile kitu ilikuwa ya kuchekesha, Mwalimu. Yaya hakukosea. Ilikuwa ya kuchekesha kweli."

Makalio ya yule askari hayakuwa tena jambo dogo la kufunika. Na kabla sijainuka, mlango ukasukumwa na Sajini akaingia, fimbo yake kwapani. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya mchongaji.

"Nani alikwambia?"

"Kuniambia nini, Sajini?"

"Usinidanganye. Ile ya nyundo. Nani alikwambia?"

Mchongaji alinitazama, nami nikamtazama. Hatukuelewa kitu. Sajini akainua mkono wake wa kushoto, kile kidole kifupi kikasimama mbele ya nyuso zetu.

"Hapana mtu aliniambia," mchongaji akasema taratibu. "Mi natumia nyundo kila siku. Najua vile inafanyaka."

Sajini alibaki ameinua mkono. Halafu akaketi juu ya gogo, mzee yule ambaye hakuwahi kuketi mbele ya watu wadogo bila kutafutiwa kiti, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake, "Risasi ya Mjapani hakuna. Hakuna Mjapani alikuwa karibu. Sisi tulikuwa nyuma, tunapiga hema. Mimi nilishika kigingi, mimi nilipiga nyundo. Nyundo yangu, kidole yangu. Kikaoza, daktari akakata." Akashusha mkono. "Nililia kama mtoto. Nilimwita mama yangu. Kambi nzima ilisikia."

Sisi wawili tusingethubutu kucheka. Aliyeanza kucheka ni yeye. Ilianza tumboni, mabega yakatikisika, fimbo ikaanguka, na punde machozi yalikuwa yakimtiririka kwenye mikunjo ya uso. Mchongaji akacheka. Mimi nikacheka hata nikashika ukuta. Mke wa mchongaji alitoka nyuma kuona kuna nini, sufuria mkononi, akatukuta watatu tukiwa hatujiwezi.

Sajini alipopata pumzi alijipangusa uso na sauti ya gwaride ikarudi. "Sasa sikia. Yule askari hana sura ya mtu. Weka sura yangu."

"Sajini, batu batakucheka."

"Wacheke! Nimechoka na huyo Mjapani. Kama watu watacheka, wacheke mtu wanayemjua. Na kidole, kifanye vizuri. Kushoto."

Kamati haikukaa tena. Ijumaa Kuu tulipita kituo hadi kituo, kanisa limejaa, na katikati yetu walikuwapo wanajeshi waliokuja na wake zao na watoto kutoka kambini Kasese, watu wa kila pembe ya Uganda. Watu walicheka kwa adabu, mkono mdomoni. Tulipofika kwenye misumari, sura ya Sajini ilikuwa pale ukutani, mdomo wazi, na Sajini mwenyewe amesimama chini yake, kidevu juu. Kicheko kilikuwa kikubwa. Halafu kikakatika chenyewe, bila mtu kutunyamazisha, kwa sababu jicho likitoka kwenye kidole kilichovimba cha yule mpigaji linateremka mpaka kwenye kiganja cha anayepigiliwa. Nimesali Njia ya Msalaba tangu utotoni, na siku zote nilikuwa nimejikaza. Siku ile kicheko kilikuwa kimekwisha kutulegeza, na uchungu ukatukuta hatuna cha kujifunika. Mwanajeshi mmoja kijana, mrefu, alipiga magoti pale akakataa kuinuka, mpaka mkewe akamwachia mtoto mmoja wa kumshika bega, na sisi wengine tukaendelea na vituo vilivyobaki.

Baadaye miaka ya sabini iliingia, na wengi wenu mnakumbuka jinsi mtu mwenye sare alivyokuwa mkubwa siku zile. Watu walijifunza kutazama chini njiani. Mtu mmoja, hatukumjua na hatukutaka kumjua, alipeleka maneno Kasese kwamba katika kanisa la Bwera kuna sanamu za kulicheka jeshi. Mchana mmoja tulikuwa tukifanya mazoezi ya kwaya gari la jeshi liliposimama mlangoni. Ofisa aliingia na askari wake, miwani myeusi usoni. Alitembea kutoka kituo hadi kituo bila kusema, buti zake zikisikika kwenye sakafu. Sisi waimbaji tulisimama tumeshika nyimbo ambazo hatukuweza kuziimba. Mchongaji aliletwa kutoka kibandani, vumbi la mbao bado limemjaa nyusi.

"Wewe unachonga hii?"

"Njo mimi, afande."

"Huyu nani?" Kidole cha ofisa kilikuwa kinaelekea kwenye nyundo. "Unacheka jeshi?"

Mchongaji alifungua mdomo, na mimi nilijua anaona nini. Alikuwa anaona uwanja wa kijijini kwao. Kabla hajasema, tulisikia mtu akihema mlangoni. Alikuwa Sajini. Alikuwa amekimbia kutoka nyumbani, umri ule, amevaa koti lake la zamani, medali zimebandikwa upandeupande. Alipita katikati ya askari, akagonga visigino, akapiga saluti iliyotikisa koti lote.

"Afande! Huyo ni mimi, afande!"

Ofisa alivua miwani. Akaitazama sanamu, akamtazama mzee, akairudia sanamu. Pua ilikuwa ile ile. Sajini akainua kidole chake kifupi akasimulia yote, hema, kigingi, nyundo, mama, kwa ile sauti ya kutoa ripoti, mgongo umenyooka. Alipofika kwa mama, askari mmoja aliyesimama karibu na beseni la maji ya baraka akatoa sauti puani. Wa pili akageukia ukuta. Ofisa hakucheka. Alinyoosha mkono kwa jemadari mwenye kofia iliyomfunika macho.

"Na huyu? Huyu kamanda ambaye haoni, huyu nani?"

Mchongaji hakuwa na mtu wa kumtaja. Yule alikuwa kila kamanda aliyewahi kuvaa kofia, na ofisa alikuwa ameshika kofia yake kwapani.

"Huyo, afande," Sajini akasema bila kupepesa, "ni kamanda wangu wa Burma. Mwingereza."

Ofisa aliitazama tena ile kofia ya chuma. "Mwingereza!" akasema. Kisha akacheka, kicheko kinene kilichojaa kanisa mpaka kwenye bati, na askari wake, kwa kuwa sasa walikuwa na ruhusa, wakacheka mpaka wakashikana. Waimbaji wangu wakacheka. Ofisa akampigapiga Sajini begani, akarudi kumtazama tena yule mwenye makalio nje, akacheka upya, akaondoka. Gari lilipokwisha kupotea, Sajini alikaa kwenye benchi la mbele akaanza kutetemeka. Mchongaji akaketi karibu naye.

"Ule kamanda alikuwa Mwingereza kweli?"

"Najua mimi? Wote walikuwa na kofia."

Mchongaji alicheka, na sisi tuliodhani tunakijua kicheko chake tukagundua hatukuwa tumekisikia. Kilitoka mbali, kikapanda, kikajivunja katikati kikawa kilio, kikarudi kuwa kicheko. Aliponiona namtazama alisema, "Yaya alianza, Mwalimu. Leo njo amemaliza." Sajini, ambaye hakujua habari za kaka yule, hakuuliza. Alimshika mkono akasema neno moja kati ya machache aliyoyamudu ya Lhukonzo: "Wasingya." Asante.

Sanamu hazikuguswa tena. Katika miaka ile migumu alichonga nyingine nyingi, ndogo za kukaa mezani: askari anayekimbizwa na bata, majemadari wawili wanaopigania kiti kisicho na miguu, mtu mwenye bunduki ndefu aliyeikwea kama ngazi na juu hakuna kitu. Wafanyabiashara wa Butembo walizibeba, na Kasese karibu na stesheni ya reli ziliuzwa waziwazi. Wanunuzi wake wakubwa, nawaambia kweli, walikuwa wanajeshi wenyewe na wake zao. Mke mmoja wa koplo aliniambia kwamba mumewe akirudi nyumbani na sauti ya kambini, yeye hasemi neno, anaweka tu yule wa bata karibu na sahani ya chakula.

Tumezoea kuchongewa mashujaa wanaotutazama kutoka juu, kifua mbele, panga mkononi. Sina ugomvi na mashujaa. Lakini nimeishi chini ya watu wenye silaha kwa miaka ya kutosha kujua kwamba nusu ya ukubwa wao tuliwapa sisi, kwa jinsi tulivyokubali kuwatazama. Mchongaji wetu alikataa kutoa sehemu yake. Bei ya kukataa huko kaka yake aliilipa kabla yeye hajachonga askari hata mmoja, na bado hakuwachonga kwa chuki. Ndiyo maana waliweza kujiona wakacheka. Chuki ingewafanya wakubwa tena.

Tulimzika Bwera, na watu walitoka Munkunyu, Bugoye, Kasese, hata ng'ambo ya mpaka. Padri wa sasa, kijana, alituambia tusijione wakosefu tukicheka, nasi tulimtii kuliko padri mwingine yeyote. Niliporudi Mubuku nilijiuliza amenifundisha nini, na jibu langu ni hili. Vita huanza siku mtu anapomwona mwenzake mkubwa kuliko alivyo, akamwogopa, au mdogo kuliko alivyo, akamkanyaga. Yeye alishinda vita yake kwa kumrudisha kila mmoja kwenye kimo chake, cha mtu mwenye kidole kinachouma.